Upanga Usionolewa

Mchana nanoa visu nje ya soko la Kiboriloni,
baiskeli imesimama kwa stendi, haiendi popote,
miguu inazungusha, jiwe linalia, cheche zinaruka.
Jioni nanawa mikono mpaka viwiko,
naingia bandani kwa Aikande, kule Pasua,
shilingi mia tano nusu saa,
kushika upanga ambao sikuunoa mimi.

Nianze na sifa, maana deni la sifa hulipwa kwanza.
Upesi wake, lo!
Hujakaa vizuri kwenye benchi, askari wa chuma keshashuka darini,
na kidole gumba kimeamua
kabla kichwa hakijapewa taarifa.
Kata, ruka, bingiria, kata.
Kuna kitufe kimoja, alama yake imefutika kwa jasho la watu,
ukikibonya upanga wa adui ukiwa umebakiza upana wa kope kukufikia,
kope moja, si kope na nusu,
unasikia kwaang!
na skrini nzima inasita
kama mtu aliyeitwa jina lake gizani.
Bandani wote kimya.
Hata Ndelakyo anaacha kutafuna karanga.

Kwa mlio ule nimesamehe mengi.
Mlinzi wa daraja aliniua mara thelathini na moja,
Aikande akihesabu kwa chaki ukutani,
pembeni ya deni langu la soda.
Ya thelathini na mbili sikufa.
Nguvu zilikuwa zile zile; nilichoongeza ni kusubiri.
Hakuna aliyewahi kunirudia somo mara zote hizo bila kunitukana,
si mwalimu wa hesabu, wala baba.

Ila kamera ni msaliti.
Ukibanwa kwenye kona inakimbilia nyuma ya nguzo,
inakuonyesha tofali wakati unachinjwa.
Na hadithi waliiandika wakiwahi chakula:
mfalme kafa, binti kaibwa, mchawi anacheka,
anacheka, anacheka, huwezi hata kumruka.
Lile jitu la mwisho ni lile lile la kwanza,
wamelichovya kwenye rangi nyekundu wakatuuzia jipya.
Sisi wa Kiboriloni, tuliozaliwa kwenye mitumba,
mchezo huo tunaujua.

Hayo yote yanamezeka.
Linalonikaba ni hili:
nimekata mle watu elfu mbili na ushee,
kofia za chuma, mifupa, milango ya mbao,
na makali ni yale yale ya asubuhi.
Upanga haujui butu.
Nimeuzunguka mji wao wote, kasri hadi machinjioni,
nimekuta muuza dawa, muuza mishale,
mwanamke anayeuza ramani za mahali nilipokwisha fika,
sijakuta mtu hata mmoja ameketi na jiwe.
Walifikiria hadi mvua inavyong'aa juu ya vigae.
Mimi hawakunifikiria.

Nikamwambia Ndelakyo.
"Fundi," akasema, "wangekuweka, nani angesimama anolewe?
Hii gemu ya mbio."
Nikatafuta jibu, na katika kulitafuta
nikakatwa kichwa.

Halafu luku ikaisha.
Kwenye kioo cheusi nikajiona,
kidole bado kinabonya.
"Dakika zako kumi nimeziandika," sauti ya Aikande ikasema gizani,
"usije ukadai ishirini."

Asubuhi mama mmoja kashuka kutoka Kibosho
na panga la kukatia majani ya ng'ombe,
mpini umefungwa kwa mpira wa baiskeli.
"La marehemu hilo," akasema. "Linoe, usilimalize."
Nikalipima kwa kidole gumba, kile kile.
Miaka imelila upande mmoja, kama kipande cha sabuni,
na bado lilikuwa zito.
Nikapanda baiskeli,
nikakanyaga polepole,
nikisikiliza.